Ada ya Kupaza Sauti

Jumatatu, 3 Machi
Halmashauri inafunga zahanati ya mtaa wetu. Na mke wangu anajifungua mwezi ujao! Nimekwenda kuomba kibali cha maandamano. Karani kasema kuna ada. Nikamwambia katiba inanipa haki hiyo bure. Akasema haki ni bure, kinacholipiwa ni kibali. Halafu akaniangalia viatu. Kwa nini viatu? Huyu ana lake jambo.

Jumanne, 4 Machi
Mke wangu kaanza kusema kuna fomu fulani. Nikamwambia anyamaze, kinyozi wa jirani anasikia. Tangu asubuhi ananoa wembe uleule. Mpelelezi!
Lakini mpango ninao. Mazishi hayaombewi kibali.

Jumatano, 5 Machi
Nimeazima jeneza kwa seremala. Akauliza nani kafariki. Nikasema, Haki. Akanipa pole, akauliza alikuwa wa upande wa mama au wa baba. Mabango nimeyafungia humo ndani. Tukifika halmashauri, tunafungua, tunapaza sauti. Sijamwambia mtu. Hata waombolezaji niliowaalika kumzika Haki.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa! Watu wamefurika, wanalia kwelikweli. Shemeji kazirai mara mbili. Askari wa barabarani wakavua kofia, wakatufungulia njia. Nikaomba tusimame halmashauri kidogo. Mkubwa wao akasema marehemu hacheleweshwi, akatusindikiza moja kwa moja hadi makaburini. Huko jeneza likafunguliwa. Mabango matano. Kelele nilizozitaka nikazipata zote, ila zilikuwa juu yangu. Shemeji hasemi nami.

Jumatatu, 10 Machi
Zahanati haifungwi! Kumbe kinyozi alijaza fomu ya kusamehewa ada. Ukurasa mmoja tu. Ijumaa, sisi tukiwa makaburini, yeye na kina mama wa mtaa waliandamana hadi mlangoni kwa mwenyekiti wa halmashauri. Mke wangu mbele, tumbo hilo! Kinyozi anasema ni aibu mtu kuomba msamaha kwa haki yake mwenyewe, lakini zahanati kwanza. Maneno matamu. Nani kamfundisha?
Na fomu ya bure, serikalini? Mtego! Wanakusanya majina. Nimekwenda mbio kumtaka karani afute la mke wangu. Akasema kufuta pia ni bure. Pia! Nikamwambia hanipati ng'o. Nimelipa ada kamili ya maandamano yaliyokwisha pita, na risiti ninayo mfukoni.
Nimewaweza.