Baba Mkwe Chini ya Sinki

Jamani, leo sina uso. Nimejifungia chumbani hapa Bondeni, na sitoki.

Leo ilikuwa siku ya mtihani wa vitendo wa kemia chuoni. Mara ya kwanza nilifeli, na mkufunzi alisema wazi: nikifeli tena, narudia mwaka. Kwa hiyo nilijiandaa! Wiki nzima nimekuwa jikoni nadondosha maji ya rosela kwenye kikombe kwa bomba la sindano, tone moja moja. Mume wangu akanikuta. "Mke wangu, kikombe kinaumwa?" Nikaendelea kudondosha.

Asubuhi nikaingia maabara na koti jeupe lililopigwa pasi likanyooka (nimeliazima kwa muuza nyama wa bucha, bado linanuka maini). Kazi yenyewe ni moja. Unafungua koki ya bureti, ule mrija mrefu wa kioo, dawa inadondokea kwenye chupa. Rangi ikigeuka pinki hafifu, funga haraka. Ikizidi, umeharibu.

Nilikuwa karibu kabisa! Pinki inakuja, inapotea. Mkufunzi, mgeni wetu kutoka Dodoma, kasimama nyuma yangu. "Vizuri. Taratibu." Nikaanza kujiona daktari.

Mlango ukafunguliwa. "Hodi! Fundi bomba hapa. Sinki linalovuja ni lipi?"

Sauti ile naijua. Baba mkwe!

Kwa wasio wa huku: kwenye familia za Kinyakyusa zinazoshika mila, kama ya mume wangu, mke wa mtoto hakutani na baba mkwe uso kwa uso. Mzee, fundi bomba wa Busale, akija kututembelea, mimi natokea mlango wa nyuma. Tangu niolewe namjua kwa sauti na kisogo tu.

Sikufikiri. Nikajitupa chini ya meza, koti kichwani. (Koki nikaiacha wazi. Ndiyo, wazi.)

Nikiwa huko chini nikamsikia mkufunzi: "Ni hili hapa, mzee. Linavujia kwa chini."

Sinki lenyewe ni la meza yangu!

Viatu vikaja. Magoti yakashuka. Tochi ya simu ikanimulika usoni, koti lilikuwa limeshateleza. Tukatazamana. Mzee akapiga yowe, akatupa spana, akatoka mbio.

Mkufunzi kuona mzee anakimbia na mimi nimejifunika, akaamua mwenyewe. "Asidi! Macho!" Ndoo nzima ya maji ikanishukia.

"Mwalimu, siyo asidi!"

"Ni nini sasa?"

"Ni baba mkwe!"

Maabara nzima ikalipuka kwa kicheko. Dada mmoja wa Matema alishika ukuta machozi yakimtoka. "Pole fijo, pole sana, mwenzangu!" Pole gani ya kucheka hivyo?

Nikatazama chupa yangu. Siyo pinki hafifu tena, ni nyekundu ya kutisha. Nilitaka kulia, na nililia kidogo. Wenzangu wakamweleza mkufunzi mila yetu, akanihurumia: "Utarudia kesho asubuhi. Hakuna nafasi nyingine baada ya hapo."

Jioni hii mama mkwe kanipigia simu. "Mwanangu, baba yako kiuno kinamuuma kwa zile mbio. Anauliza, kesho unatoka maabara saa ngapi? Sinki bado linavuja."

Nimemtajia saa nne. Msinicheke, niombeeni tu mzee asiwahi.