Kituo cha Hallonbergen Chahamia Windows 7

HALLONBERGEN, Stockholm. Kituo cha Kompyuta cha Umoja wa Wasema Kiswahili wa Hallonbergen sasa kinatumia Windows 7, mfumo uliotoka mwezi uliopita, alitangaza jana Jumapili, tarehe 8 Novemba 2009, mwenyekiti wa umoja huo, Bwana Onésime Kambale. Alisema hayo mbele ya wanachama wapatao sitini, katika ukumbi ulio chini ya jengo la fleti, jirani na chumba cha kufulia nguo. Miongoni mwao alikuwa Mama Madeleine, ambaye binti yake Christelle anaolewa Butembo Jumamosi hii. Katika ukoo wao bibi harusi hatoki nyumbani kabla mama yake hajamtazama usoni na kumpa baraka, na mwenyekiti alikuwa amemwahidi Madeleine kwamba atafanya hivyo kupitia kamera ya kituo. Hotuba yenyewe ni hii, bila kupunguzwa.

Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, ambaye pia ni shemeji yangu; Mheshimiwa Katibu, Ndugu Jabari, kalamu isiyolala; Waheshimiwa wachungaji wa makanisa matatu yanayopokezana ukumbi huu, pamoja na ustadhi wetu aliyekubali kukaa mstari wa mbele; Waheshimiwa wenyeviti wastaafu, wote wanne, naona mmekaa mbalimbali; watu wa Kivu, wa Kigoma, wa Kisumu, wa Bujumbura na wa Mbarara; mama zetu wa jikoni; vijana mliozaliwa hapa na mnaonielewa nusu; ndugu yetu Bethuel, anayekaa Sundbyberg, hapa jirani, na bado amefika kwa kuchelewa; mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, isipokuwa kwa Mwalimu Josefina wa Hallunda, ambaye nimemruka. Nisamehe, dada. (Vicheko.)

Ninayo furaha, tena furaha ya kiofisi iliyopitishwa na kamati, kutamka rasmi kwamba katika fremuweki ya mkakati wetu wa modanaizesheni, na kufuatia mchakato shirikishi uliowahusisha stekiholda wote, yaani mimi na waliokuwepo, kituo chetu kimeachana na mifumo ya kizamani na kuingia Windows 7, kikiwa cha kwanza Hallonbergen, na huenda cha kwanza kati ya hapa na stesheni ya Sundbyberg, ingawa takwimu za Sundbyberg bado zinachakatwa. (Makofi. Madeleine: "Na kamera, Président?") Tutafika kwenye kamera, Mama Madeleine. Kamera imo ndani ya paketi. Niache kwanza nieleze faida, maana maendeleo bila maelezo ni kelele tu.

Takwimu. Tangu tuhamie mfumo huu hakuna kompyuta yetu hata moja iliyogoma. Virusi, sifuri. Watu waliopoteza kazi zao kabla ya kuzihifadhi, sifuri. Matumizi ya umeme yameshuka kiasi kwamba msimamizi wa jengo amepiga simu kuuliza kama tuko salama. (Makofi marefu.) Malalamiko tumepokea moja, la Mama Madeleine, na hilo linahusu mlango kufungwa. Halihusu mfumo.

Sasa tazameni. Zamani ulipofungua barua pepe, na picha, na muziki, ule upau wa chini ulijaa maandishi yaliyokatwa katikati, hujui kipi ni kipi. Leo kila programu ina picha yake tu. Ukipitisha mausi juu yake, dirisha lake linatokea kwa udogo, unachungulia kabla ya kuingia, kama mpishi mwenye sufuria ya kifuniko cha kioo. Na programu unayoipenda unaibandika palepale chini, haiondoki hata ukiifunga. (Bethuel: "Kama wewe na uenyekiti, Mzee!" Vicheko.) Asante, Bethuel. Huo ndio unaoitwa uthabiti wa kiuongozi.

Pili. Ukilivuta dirisha hadi ukingo wa kushoto, linajaza nusu ya skrini lenyewe. Lingine ukilivuta kulia, linajaza nusu iliyobaki. Unasoma huku, unaandika kule. Kwa kuwa mimi ni mtu wa vitendo, naomba tuonyeshe. Mchungaji Zénon, njoo ukutani, kushoto. Ustadhi, tafadhali, kulia. Mnaona? Hakuna aliyemfunika mwenzake! (Makofi. Mchungaji na ustadhi wanapungiana mikono.) Kwa mfumo wa zamani, mmoja angekuwa amekaa juu ya mwingine. (Ustadhi: "Tusifike huko, Mwenyekiti." Vicheko.)

Tatu, na hapa naomba utulivu, maana hili limenigusa binafsi. Kuna kitu kinaitwa Maktaba. Picha zako ziko kwenye folda hii, nyingine kwenye folda ile, nyingine kwenye diski iliyo kabatini. Maktaba inazionyesha zote pamoja bila kuzihamisha. Ziko huko, unaziona hapa! Umoja wetu ni nini kama si Maktaba? Mmoja yuko Hallunda, mwingine Uppsala, mwingine anasema yuko njiani kumbe yuko kitandani, lakini kwenye ripoti ya mwaka wote tuko mahali pamoja. (Vigelegele.) Ni kwa falsafa hiyohiyo kituo chetu leo kinaonyesha kompyuta kumi na mbili. (Makofi yanaanza, yanapungua. Madeleine: "Kinaonyesha, ao kiko nazo?") Mama, hilo ni swali la kiufundi.

Nne! Twende kwenye fahari yenyewe. Madirisha yakikujaa, kumi, kumi na matano, mpaka hujui ulikuwa unafanya nini, lishike lile unalolitaka kwenye utepe wake wa juu, ulitikise. Mengine yote yanashuka, linabaki hilo moja. Ukilitikisa tena, yanarudi. Jabari, simama hapa, wewe ni dirisha. Wengine wote simameni, ninyi pia ni madirisha. Nikimtikisa Jabari, mnakaa. Haya! (Mwenyekiti anamtikisa Katibu mabegani. Watu sitini wanakaa kwa kishindo.) Nikimtikisa tena? (Wanasimama.) Tena! (Wanakaa. Viti viwili vinaanguka.) Tena! Ndugu zangu, hii ndiyo interfesi! (Wanasimama. Watu wanaanza kutikisana bila maelekezo. Wa Kigoma wanakaa wakati wa Kisumu wanasimama. Mchungaji Zénon anacheka mpaka anavua miwani. Mmoja wa wenyeviti wastaafu anamtikisa mwenzake aliyenuniana naye kwa miaka, na wote wawili wanashindwa kujizuia.) Jamani, mfumo usizidiwe! Dirisha moja kwa wakati mmoja! (Josefina anamshika Madeleine mabegani na kumtikisa. Ukumbi mzima unakaa. Mwenyekiti, ambaye kanuni ni yake, anasita, kisha naye anakaa. Madeleine anabaki amesimama peke yake. Anasema: "Président, mutoto wangu anaolewa siku ya posho, Jumamosi hii. Atavaa, atakaa kwenye kiti, atangoja uso wangu. Nisipotokea hatoki, na bwana yake atakuwa mlangoni na watu wake wote na ngoma yao. Mimi niko nauliza kitu kimoja tu. Kompyuta iko wapi?")

Nitajibu nikiwa nimekaa, kwa heshima ya mfumo. Mama Madeleine, swali lako ni la msingi na jibu lake liko kwenye ajenda. Kwa utaratibu wa vyama vya hapa Sweden, kama mnavyoujua, jambo haliamuliwi mpaka mkutano ufike kwenye nambari yake. Mwezi wa kumi, nambari ya saba ilikuwa kuhamia mfumo mpya. Ilipita bila kupingwa, kwa shangwe, Mama Vénantie alicheza. Nambari ya nane ilikuwa kupata kompyuta. Hapo ndipo kahawa ikaletwa, na mikate ya mdalasini ikiwa bado ya moto, na Ndugu Katibu, kwa mamlaka aliyopewa na katiba, akagonga meza kuahirisha kikao. Hatungeweza kujadili nambari ya nane midomo imejaa. Kwa hiyo, kisheria, mfumo umeshahamishwa. Kinachosubiriwa ni kitu cha kuuwekea.

(Mtu mmoja nyuma anaanza kucheka, na ukumbi unamfuata. Madeleine hacheki. Josefina: "Dada, njoo kwangu. Yangu ya zamani, lakini ina kamera." Madeleine: "Inatumika?" Josefina: "Ukiipiga kofi ubavuni." Madeleine: "Mimi niko na mikono miwili." Hapo naye anacheka, na vigelegele vinaanzia jikoni.)

Mnaona? Hayo ndiyo ninayoyaita matokeo! (Mwenyekiti anasimama.) Katibu, iandikwe kwamba ubia wa kimkakati kati ya kituo chetu na sebule ya Mwalimu Josefina umezinduliwa leo, chini ya uongozi wangu. Shika dirisha! (Watu: "Tikisa!") Shika dirisha! ("Tikisa!") Mfumo kwanza! ("Kompyuta baadaye!") Hilo jibu sikuwafundisha mimi. Ninamalizia kwa shukrani. Nawashukuru wataalamu walioufunga mfumo kwa ustadi, ambao wataanza kutafutwa. Nalishukuru duka litakalotuuzia kompyuta, popote lilipo. Nawashukuru mafundi waliokikarabati chumba cha kituo, ambacho hadi asubuhi ya leo ni chumba cha kukaushia nguo, na mwenye shuka za bluu tafadhali akazitoe. Na kwa namna ya pekee nawashukuru ninyi, watumiaji, kwa matunzo yenu, maana tangu tuanze hakuna kilichochakaa. Asanteni, merci, tack så mycket! (Makofi. Watu wanamtikisa mwenyekiti. Wanakaa.)

Nambari ya nane imepangwa kujadiliwa kwenye mkutano mkuu wa mwaka, Jumapili tarehe 14 Machi 2010, kabla ya kahawa. Christelle atapewa baraka Jumamosi hii, saa tatu asubuhi kwa saa za Stockholm, kutoka sebuleni kwa Josefina, Hallunda. Bwana Kambale ameomba dakika kumi za kufungua shughuli. Madeleine amemkubalia ashike kamera, akiwa kimya. Kompyuta ya Josefina, ambayo ni ya mwaka 2002, itawashwa Ijumaa jioni ili asubuhi iwe imeshawaka.