Chai ya Kumvuta Bi Fung

Jumatatu, 6 Novemba
Siku ya kumi na moja tangu mkahawa wa kona ufungwe. Miaka saba nimekunywa chai ya maziwa pale, meza moja na Bi Fung, mjane wa ghorofa ya nne. Hatukuchaguana. Meza chache, watu wengi, mhudumu anakusukumia popote penye kiti. Sasa nimemkumbuka mno, chakula hakishuki. Mpango: nipike chai ileile nyumbani. Mimi niko ghorofa ya pili. Harufu itapanda, atashuka mwenyewe.

Jumanne, 7 Novemba
Nimenunua majani aina tatu. Laini kwa rangi, ya kati kwa ukali, makubwa kwa harufu. Na maziwa mazito ya kopo. Dada yangu Kuen kanicheka. Eti mzee anayeunguza hata uji anataka kuwa fundi wa chai. Husuda tu.

Jumatano, 8 Novemba
Balaa! Mfuko wa kitambaa wa kuchujia nimeuchemsha na majani asubuhi nzima, ukashika rangi ya kahawia, kama inavyotakiwa. Kuen akadhani uchafu. Kaufua kwa sabuni! Chai imetoa povu. Nimeinywa hivyohivyo.

Alhamisi, 9 Novemba
Mfuko mpya. Chai nimeimimina kutoka juu, birika hadi birika, mara saba kama mafundi. Mara tano imeishia sakafuni. Harufu ikapanda, ikampita Bi Fung, ikamleta Szeto wa ghorofa ya tisa. Kanywa vikombe viwili, kasema si mbaya. Anajigamba kwamba jana alimbebea Bi Fung kapu la mboga. Szeto!

Ijumaa, 10 Novemba
Amekuja! Saa tisa na robo alasiri, saa yetu. Nikaanza kumimina chai. Akaniambia nikae. Nikamwambia ngoja niimimine tena. Akarudia. Nikasema bado haijakolea. Mara ya tatu akasema, “Kaka Lau, kaa basi. Chai yenyewe sijawahi kuipenda. Pale nilikuwa namfuata mtu wa kukaa naye. Kesho nikija, nipe hata maji ya moto.”
Hajawahi kuipenda. Miaka saba!

Jumamosi, 11 Novemba
Kosa nimeligundua. Chai yangu ilikuwa nyepesi. Ingekolea, asingetamka maneno yale. Leo saa tisa na robo kabisha hodi. Nikamwambia kupitia mlangoni asije kwanza mpaka niipatie, labda mwaka mpya. Nikasikia viatu vyake vikipanda ngazi. Nina hamu naye jamani. Nimenunua gunia zima la majani makali. Nimeliweka kwenye kiti chake, maana hapa ndani hakuna nafasi nyingine.