Vita vya Gunia la Karanga na Kitambaa cha Mgeni

Kacha! Ndivyo lilivyolia ganda la karanga jikoni, umeme umekatika na alfajiri bado inajivuta. Sogeeni basi, enyi majirani wa kuume na wa kushoto, wapakateni watoto wenu, niwasimulie vita vikuu vilivyopiganwa juu ya meza yetu, ile ambayo mguu wake mmoja umewekewa kigae.

Aliyepasua ganda alikuwa binti yangu, Malkia wa Mashavu, mwenye miaka minne. Nilimpokonya punje kabla haijavuka lango la meno. Kwani gunia lile la karanga, alizolima mama mkwe kwa mikono yake ili amletee mjukuu, lilinyeshewa uani. Na shule ya jioni imenifunza kwamba ukungu huzaa sumu isiyoonekana, inayolidhuru ini la mtoto polepole.

"Mwanangu," akanena mama mkwe, "mumeo nimemkuza kwa karanga hizihizi. Leo nimekuwa adui?"

"Hasha, mama. Adui ni ukungu."

Ndipo akainuka mume wangu, fundi friji, Simba wa Bisibisi, ambaye hadi leo bomba letu linamtoa jasho. "Mimi," akanguruma, "niliyefufua majokofu yaliyokwisha kuliliwa, nitaipata hukumu!"

Kulipokucha akachota karanga juu, katikati na chini ya gunia, akazitwanga, akazichanganya na dawa, akadondosha tone kwenye kijiti cha kupimia sumu nilichopewa na mwalimu wangu wa jioni. Ikitokea mistari miwili, ni salama; ukitokea mmoja tu, ni sumu. Wa kwanza ukajitokeza kwa fahari. Wa pili, loo, hafifu mno: jicho langu likauona, la mume wangu likaukana.

Tukaiita simu iamue, yenye programu iliyojifunza kwa kuonyeshwa maelfu ya picha za vijiti vya namna hiyo. Naye mama mkwe, ijapokuwa moyo ulimuuma, adabu haikumtoka. "Hakimu hakaribishwi kwenye meza tupu," akasema, akatandika kitambaa chake cha wageni, chenye mistari myekundu na myeupe. Kijiti kikalazwa juu yake kama mwana wa mfalme.

Simu ikatangaza: SUMU IMEZIDI.

Mama mkwe akaanza kulifunga gunia. "Nitazitupa mwenyewe. Na mwakani sileti kitu."

Lakini Simba alikuwa bado ameikodolea simu macho. Kisanduku chenye kuonyesha mahali mashine iliposoma kilikaa nje kabisa ya kijiti, juu ya mstari mmoja mwekundu.

"Simameni! Imesoma kitambaa!"

"Kwa hiyo kitambaa changu ndicho chenye sumu?"

"Mama, haijawahi kufundishwa kitambaa chako."

"Basi nayo iende shule ya jioni na mkeo."

Hapo shujaa akakinyanyua kijiti kwa mikono miwili, pumzi ameibana, akakivusha bonde lote la meza na kukilaza juu ya sahani nyeupe. Simu ikatazama, ikatafakari, ikanena: mistari miwili. SALAMA.

Vigelegele! Akaizungusha simu jikoni kama bendera ya ushindi, akajigonga kwenye kabati, asihisi. Vizazi vya nyumba hii na vihesabu miaka kuanzia Asubuhi ya Sahani Nyeupe! Na mama mkwe akalifungua gunia, akamjaza mjukuu viganja vyote viwili, kisha akageukia ukutani, akishughulika mno kukunja kitambaa.

Malkia wa Mashavu akatafuna, akatazama.

"Bibi analia."