Jinsi Mlinzi wa Mnara wa Taa Alivyoomba Radhi

Enyi mlioketi na mliosimama, sogeeni! Acheni vyungu vichemke, waacheni watoto wagombane wenyewe, maana leo vyasimuliwa vita ambavyo majemadari wakuu wa dunia walivikimbia: vita vya mtu na ulimi wake.

Palikuwa na mnara wa taa, mkongwe, mweupe, juu ya kisiwa kidogo mno, hata mtu akipiga chafya gatini, kule mnarani huombewa afya. Mlinzi wake, Simba wa Kioo, Mfuta-Ukungu, Baba wa Mwanga, hakuwahi kushindwa na dhoruba, wala hakuwahi kumwomba mtu radhi.

Juzi shujaa huyu alikosa tambara la kusugulia kioo kikuu. Akanyakua kitambaa cheupe mezani kwa mkewe, mshonaji, akasugua hadi kikageuka cheusi. Kumbe ni gauni la bibi harusi, limebakia kutiwa mikono tu!

"Mume wangu! Hili gauni la watu!"

"Kitambaa ni kitambaa," akajibu Simba, na kwa kauli hiyo vita vikatangazwa.

Sahani zikatua mezani bila karibu wala asante. Na leo asubuhi mke akafunga begi, apande boti ya adhuhuri, aende kwa dada yake ng'ambo. Simba akajifanya haoni. Akapanda zake juu, akatoka kwenye roshani kufuta chumvi vioo kwa nje, na upepo, hasimu wake wa miaka, ukaubamiza mlango nyuma yake. Kitasa cha nje kilikwisha ng'oka. Alisema atakitengeneza kesho, na kesho hiyo haikuwahi kufika.

Akaushambulia mlango kwa bega, kwa goti, kwa matusi. Mlango haukutikisika. Alipogeuka, akamwona mkewe yuko njiani kuelekea gatini, begi mkononi, na boti hiyo inakuja.

"Ewe mke wangu!" akanguruma. "Rudi unifungulie mlango!"

Mke akatazama juu, kiganja usoni kukinga jua. "Nani huyo?"

"Mumeo! Mlango umejifunga!"

"Mlango ni mlango!" akajibu, akashika njia.

Hapo Simba akalitambua lile begi. Ndilo walilokuja nalo kisiwani walipooana, nguo za wote wawili zikaenea humo na nafasi ikabaki. Akaliita neno lile lililojificha kifuani mwake ujana wote na uzee nusu. Likapanda, likafika ulimini, likataka kurudi. Akalikamata.

"Sama..."

"Sema kwa nguvu, upepo mkali!"

"SAMAHANI!"

Gatini makuli wakatua mizigo. Ndege wakaruka kutoka paa la mnara.

"Kwa lipi?" akauliza mke.

"Kwa gauni! Na kwa lile jibu! Jibu lilikuwa baya kuliko gauni!"

Mke akasimama pale pale. Kuli mmoja akashindwa kuvumilia: "Shemeji, sisi tumesikia wote! Mfungulie basi!"

"Nilitaka msikie," akasema mke, akageuka.

Akazipanda ngazi akihema na kunung'unika, akafungua mlango. Wakatazamana, Simba nywele timutimu, machozi akiyasingizia upepo.

"Boti itaniacha," mke akasema.

"Na ikuache."

"Gauni utalifua wewe."

"Nitalifua."

"Na kitasa?"

"Leo," akasema Simba, akampokea begi.

Basi na iandikwe, enyi waandishi wa tarehe, kwa herufi kubwa zisizofutika: kwamba adhuhuri ile yenye upepo, mbele ya makuli, ndege na boti iliyoondoka bila abiria, mwanamume mmoja aliomba radhi, tena kwa sauti, na hakufa.