Vifungo vya Makoti ya Bendi

Jumatatu, 3 Machi

Naapa kuandika yote. Mwalimu wa ushauri ametugawia madaftari, akasema kila mtu aandike wiki nzima bila kuficha, naye atayasoma Jumatatu ijayo na kujibu pembeni kwa kalamu nyekundu. Wenzangu wataandika kwamba hesabu zinawasumbua. Mimi nimeamua kumponya mjomba wangu.

Mjomba ni mdogo wake Mama, fundi cherehani, na chumba chake cha kazi, mbele ya nyumba tunayopanga, kinatazama barabara. Sijaona fundi kama yeye. Mtu akipita tu, Mjomba ameshajua upana wa mabega yake. Kola akiishona husimama yenyewe kama askari. Ila anabeti kwenye simu. Mguu uko kwenye cherehani, jicho liko kwenye mkeka, ndivyo wanavyoiita orodha ya mechi alizotabiri. Timu za nchi ambazo hata mwalimu wetu wa Jiografia angezitafuta kwa kidole. Mwaka jana cherehani ya Bibi ilitoka mlangoni, ikarudi baada ya mwezi. Hakuna aliyeniambia ilikwenda kutembelea nani. Macho ninayo.

Sasa amepata kazi kubwa: makoti kumi na mawili ya bendi ya shule yetu, mekundu, kila moja vifungo sita vya shaba. Yanatakiwa Ijumaa jioni. Mwenye jengo amesema kazi ya watu ikichelewa tena, chumba anapewa Fundi Suti wa ng'ambo ya barabara. Fundi Suti ana kioo kirefu na binti mmoja. Binti yuko darasani kwetu. Tunamwita Namba Moja, kwa sababu ndiyo nafasi yake kila muhula. Mimi ni wa pili. Sitaki kuongeza neno.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata dawa! Maktabani kuna kijitabu kinachosema kwamba ubongo wa mraibu hupenda kusubiri matokeo kuliko matokeo yenyewe. Basi dawa ya moto ni moto. Nitampa Mjomba kusubiri bila hasara. Tutabeti vifungo vya zamani vya plastiki, vile vya kwenye kopo la Bibi.

Nilimweleza baada ya shule. Alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. Akauliza kampuni yangu inaitwaje na kama ina leseni. Nikamwambia aweke dau, maneno baadaye: nani atapita kwanza, muuza mkate au muuza maziwa? Mjomba akasema mkate, vitatu. Akashinda. Akataka tena. Simu akaitia kwenye droo, akaifunga kwa goti! Saa mbili nzima! Alimaliza makoti matatu huku akichungulia barabara. Mishono imenyooka kama mstari wa rula.

Nimefaulu siku ya kwanza. Nafikiria kuandika kijitabu changu.

Jumatano, 5 Machi

Dawa inaenea. Bibi ameweka dau kwamba Mama akirudi kazini atasema amechoka kabla hajavua viatu. Mama alisema akiwa bado kizingitini. Bibi kavuna vifungo tisa na kuvificha kwenye kitambaa cha kichwani. Mama kasema huo ni upuuzi wa watu wasio na kazi, akakaa, akaweka viwili kwamba mvua itanyesha.

Mimi nimepoteza kumi na vinne. Lazima nieleze vizuri, kwa sababu si kupoteza kwa kweli. Nilimwekea dau muuza maziwa. Alikuwa anakuja! Mnyororo wa baiskeli ukamchomoka hatua kumi kutoka mlangoni kwetu. Hatua kumi! Muuza mkate akapita akipiga mluzi. Yaani nilikuwa nimeshinda, ni mnyororo tu.

Nikataka turudie. Mjomba alikuwa ameacha kucheka. Alinitazama kama anayeangalia kitambaa chenye doa, akasema kopo lifungwe, yatosha. Nikamwambia anaogopa kushindwa na mtoto wa dada yake. Alishona.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeahidi yote, basi yote.

Asubuhi nilichukua pakiti ya vifungo vya shaba nikaitia kwenye mkoba wangu wa shule. Nilifanya hivyo kuilinda. Mtu mwenye uraibu haachiwi vitu vya thamani karibu. Kijitabu kimesema.

Wakati wa mapumziko Namba Moja akaniambia, kwa ile sauti yake ya kusoma risala, kwamba baba yake ameshapima ukuta wa chumba cha Mjomba mahali kioo kitakapokaa. Nikamwambia tuweke dau kwamba makoti yataisha. Akasema hilo ni mpaka kesho, yeye anataka la leo. Na hachezi na plastiki.

Nikafungua pakiti. Viwili tu.

Nilisema Mwalimu wa Hisabati atafuta ubao kwa mkono wa kushoto, kama jana. Akafuta kwa wa kulia. Nikaweka vinne kwamba akifuta tena atatumia wa kushoto, ili nirudishe vile viwili. Vikaenda. Nikaweka vinane. Vikaenda. Nikaweka kumi na sita. Ukiongeza maradufu kila mara, siku ukishinda mara moja unarudisha vyote. Nimehakiki kwa kalamu, pande zote mbili za karatasi, na hesabu ni sahihi kabisa. Kilichokosekana ni kushinda.

Vifungo thelathini. Makoti matano.

Halafu Namba Moja kanieleza kwa upole kwamba kabla ya kipindi alikuwa amepeleka madaftari ofisini, akamwona mwalimu amefungwa bandeji kidole cha kushoto. Yeye hakuwa anabahatisha hata mara moja! Nikasema huo ni wizi. Akasema ni utafiti.

Ijumaa, 7 Machi

Saa tisa alasiri. Makoti kumi na mawili kwenye kamba, mekundu, mazuri, yakisubiri vifungo. Mjomba akaulizia pakiti. Nikampa. Akaipima mkononi tu, akajua.

Nilikuwa nimeandaa kusema panya. Nikasema panya. Bibi akauliza ni panya wa kabila gani anayetafuna shaba, ili ahame mapema. Nikalia, nikasema kila kitu.

Mjomba hakupaza sauti. Aliketi juu ya mabaki ya vitambaa, akaniuliza ni wapi paliniuma zaidi. Nikasema si vile thelathini, ni muuza maziwa. Zile hatua kumi.

Akasema na yeye ana muuza maziwa wake: bao la dakika ya tisini, miaka miwili iliyopita, lililochana mkeka uliobakiza timu moja. Akasema mtu akishindwa kabisa hurudi nyumbani, akala, akalala. Akikosa kidogo, hapo ndipo hurudi kesho. Zamani ungetembea mpaka kwenye kibanda cha kubeti, na njiani labda ungekutana na mtu wa kumwonea haya. Sasa kibanda kiko mfukoni, kinalala nawe kitandani, na kila siku kinakuweka hatua kumi kutoka mlangoni. Na watu wasidhani ni ujinga, akasema. Wajanja ndio huingia wa kwanza, maana wana hesabu zao kwenye karatasi. Pande zote mbili. (Sikujua kama amewahi kuiona karatasi yangu. Alikuwa anazungumza kuhusu yake.)

Kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau. Alifungua droo, akatoa simu, akampa Mama. "Dada, nishikie. Nikiiomba usinipe. Hata nikikuimbia." Mama akaichukua, akaizika kwenye pipa la unga.

Akavuka barabara! Mchana, watu wakitazama, muuza mkate akiwemo. Mimi nyuma yake, nikitamani ardhi ipasuke. Akamwambia Fundi Suti, kwa sauti ya kusikika, kwamba vifungo vyake viko kwa binti yake, kwamba mpwa wake amejifunza kubeti kutoka kwake, na kwamba yeye mwenyewe ameacha tangu saa tisa, yaani robo saa.

Nilisubiri kicheko. Fundi Suti alimtazama, akaita binti yake. Namba Moja akaleta vyote thelathini kwenye kisanduku cha kalamu, vimepangwa mistari mitatu, akaomba radhi vizuri kuliko nilivyowahi kusikia mtu akiomba. Hata hilo ananizidi! Baba yake akasema kioo chake kipo vizuri kilipo, akachukua sindano, akaja kwetu. Wakashona wawili mpaka mwenye jengo alipochungulia, akahesabu makoti, akaondoka.

Jumapili, 9 Machi

Jana bendi ilipita uwanjani. Kumi na wawili, mabega yamekaa, shaba inawaka. Watu walikuwa wanauliza nani kashona.

Mjomba yupo siku ya pili bila kubeti. Anasema kidole gumba kinatembea chenyewe kikitafuta simu, basi anakivalisha kastabini, kile kikofia cha chuma cha mafundi. Jana saa za mechi alimwomba Mama simu. Akamwimbia kweli, beti mbili. Mama hakumpa. Akaenda kupiga pasi suruali zote za mtaa. Anasema hajapona, na kwamba hatajua lini amepona, na ataamka kesho vilevile. Sijamjua mtu shujaa kumzidi.

Na mimi nimeelewa yote. Sitabeti tena maishani. Nilimwambia Namba Moja hivyo baada ya gwaride. Akasema sitafika Jumatano. Nikasema nitafika Ijumaa, bila shida. Akauliza: vingapi?

Nimeweka kopo zima la Bibi; safari hii plastiki kaikubali. Hii si kubeti. Kubeti ni pale mtu hana hakika, na mimi hakika ninayo, nimeipiga hesabu. Nikipungukiwa nitaongeza maradufu.

Mwalimu, daftari hili utalipata kesho asubuhi. Tafadhali usisubiri zamu yangu, nijibu kabla ya kengele ya mapumziko, maana hapo ndipo dau linafungwa: wewe ungeweka vifungo vingapi, na upande wa nani?