Spika ya Saa Kumi na Moja Inamchoma Mjukuu Wangu

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mji wa Oritani,

Shikamoo sikupi, wewe ni mdogo kwangu. Mimi na mama yako tulichuma chai pamoja kabla hujazaliwa. Nakusalimu tu. Ni mimi, Munakata Tokie, wa nyumba ya chini ya hekalu. Shule sikuimaliza, kwa hiyo nitasema wazi.

Mjukuu wangu Natsuho, miaka ishirini na minne, ana ugonjwa wa uchovu sugu. Si uvivu. Atakayelitaja neno hilo nitamfuata kwake. Daktari anasema mishipa yake ya fahamu imekuwa kama mlinzi aliyechanganyikiwa: yeyote akipita, hata paka, yeye anampigia yowe "mwizi!" Shuka likimgusa linamuuma. Mwanga unamuuma. Huu mwaka wa pili amelala chumba cha nyuma, mapazia nimeyashona yasifunguke. Nanyi mkasimamisha nguzo ya spika ya mji mita nane kutoka kichwani pake! Naomba iondolewe. Sababu zangu ni hizi:

1. Kila siku saa kumi na moja jioni spika inapiga wimbo wa kuwaita watoto warudi nyumbani. Mtoto wa mwisho kuzaliwa mtaa huu ni Natsuho, na hajatoka nyumbani tangu mwaka juzi. Mnamwita arudi wapi?

2. Nilipiga simu ofisini kwako, nikamwambia karani Kusakabe, "Mjukuu wangu amechoka." Akajibu, "Nawe umechoka, Bibi, asante kwa kazi," akakata. Najua ndivyo tunavyoagana makazini, lakini mimi nilikuwa natoa habari ya ugonjwa, sikuwa namuaga mtu! Nikapiga tena: "Amechoka sana!" Akasema, "Nanyi mmechoka sana sana," na nikasikia paji la uso likigonga meza. Alikuwa ananiinamia kwa heshima.

3. Nikaenda mwenyewe. Kusakabe akasema, "Bibi, mgonjwa aje athibitishe kwamba hawezi kuja."
Nikamuuliza, "Akija?"
"Itaonekana anaweza. Ombi litakataliwa."
"Asipokuja?"
"Fomu haitakamilika, Bibi."
Nikamwambia, "Wewe mtoto, mama yako alikula nini akiwa na mimba yako?" Hilo nalo akaliandika kwenye fomu.

4. Vyura wa shamba la mpunga la Bwana Hanyuda. Wapewe barua ya onyo, yenye mhuri mwekundu wa mji. Bila mhuri hawatasikia, nimeshawaambia kwa mdomo.

5. Kengele ya hekalu ivalishwe soksi. Nimeshaifuma, ya sufu. Kipimo nilipanda ngazi kuchukua mwenyewe.

6. Radi zipelekwe mji wa jirani. Wametushinda kwenye mashindano ya chai miaka mitatu mfululizo, nao wapate kitu cha kuwasumbua.

Usicheke. Jumatatu spika ilipolia, Natsuho alikuwa ananyoosha mkono apokee bakuli la uji. Mkono ukabaki hewani, machozi yanamtoka, wala hakulia kwa sauti, maana sauti yake mwenyewe inamuuma. Nina miaka themanini na sita na gunia la mchele bado nalibeba. Ule mkono sikujua niushike wapi.

Msalimie mkeo, mama yako na goti lake, na wote wa ofisini. Kusakabe msalimie pia, lakini kidogo.

Ni mimi, mwenye heshima kwa kiti chako na hasira kwako uliyekikalia,
Munakata Tokie

N.B. Barua hii nimemsomea Natsuho nikiwa mlangoni, aihakikishe. Kasikiliza mpaka mwisho, kisha akaandika kwenye karatasi: "Bibi, spika ni dakika moja. Wewe ni kutwa." Kwa hiyo spika iacheni. Aliyehamishwa ni mimi: wiki hii nalala banda la vitunguu, tunaandikiana vikaratasi chini ya mlango. Leo kaniandikia kwamba nikiweza kunyamaza, niingie nikae naye. Naingia. Msinipigie simu.